Vidonge Viwili Viwili

Jerotich wa maabara amenionyesha sahani:
utandu wa rangi ya chai iliyozidi maji,
na juu yake vijiduara sita vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikiwa na nguvu, akasema, huzungukwa na uwazi,
kama mzee mkali anavyoachiwa benchi nzima.

Nikainama. Vitano havikuachiwa hata nafasi ya unywele.
Wadudu wamesonga hadi ukingoni,
weupe, wametulia, kama walio kwao.
Cha sita kilikuwa na uwazi mwembamba, pete ya mtoto.
"Hii itawasogeza," akasema. "Ila hii huchoma figo."

Makori ana figo moja inayofanya kazi.
Ni yangu. Nilimpa Agosti.

Ili mwili wake usimfukuze mgeni
walinzi walinyweshwa usingizi, asubuhi na jioni, kwa saa,
na lango likaachwa wazi.
Aliyeingia usiku hakubisha hodi.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi nimevaa gauni la njano la wodi, glavu, barakoa,
nimenawa hadi kwenye viwiko,
na bado naona makasi.

Makasi ya dukani kwangu, Kawangware,
yamefungwa kaunta kwa kamba nyekundu yasiibwe.
Mtu huja na shilingi thelathini na mtoto mgongoni.
Hana cheti cha daktari, hana pesa za dozi nzima, hana wakati.
Namkatia vidonge viwili, kachu, namfungia kwenye gazeti,
namwambia: "Kesho ukipata, njoo umalizie."
Akipona harudi. Asipopona huenda duka jingine.
Miaka kumi na moja. Sikuwahi kumfukuza mtu.
Niliita hiyo huruma, na hata leo
sijui ningeiita nini.

Je, ni hawa? nimemuuliza Jerotich.
"Hawaandikwi walikotoka, dada," akasema, akafunika sahani.

Saa tisa usiku dripu imeanza.
Muuguzi Wanza anasoma mfuko wa mkojo kwa tochi ya simu:
thelathini. Saa iliyofuata, ishirini na mbili.
Nashika ubavu wangu wa kushoto, kwenye mshono,
kana kwamba iliyoondoka itasikia.

Alfajiri. Nairobi inaanza kukohoa.
Simu inatetemeka chini ya gauni:
"Dada wa dawa, umefungua? Ni kakohozi tu ka mtoto.
Nikatie mbili."