Kilo Tatu na Robo

Chipoka, karani wa ghala, kaliweka begi langu
juu ya mizani ya korosho, kwa mzaha.
Kilo tatu na robo.
"Daraja la kwanza," akasema, "kavu, halina takataka,"
akaniandikia stakabadhi hewani, kwa kidole.

Cheka tu, Chipoka. Hukuniona mwaka juzi
niliposhuka stendi ya Newala kama mtu anayehama:
kioo cha pili, kibodi, spika,
nyaya saba zilizosukana kama ming'oko kikapuni,
na printa. Printa, jamani!
Niliipakata toka Mtwara mjini, Nanyamba, Tandahimba,
ikinichoma mapaja kila tuta,
kumbe huku karatasi niliyoihitaji ni moja tu,
ya kufungia maandazi.

Siku hizi, usiku wa kuamkia safari,
nakaa sakafuni, nakihoji kila kimoja
kama askari wa mpakani:
Wewe unafanya kazi gani?
Na nyingine?
Chenye kazi moja kinabaki nyumbani.

Kompyuta ndogo, ile yenye ufa pembeni, imepita.
Chaja ya matundu mawili, na waya mmoja
unaolisha simu na kompyuta kwa zamu,
kama mapacha na titi.
Pawabenki nikaiinua, nzito, nikaishusha,
nikaikumbuka ile Jumanne umeme ulipokatika adhuhuri
hadi kuku wakalala.
Imepita bila swali.
Laini mbili, maana mtandao mmoja unapenda sokoni
na mwingine unapenda kwa wamisionari.
Kipanya kilijitetea sana. Kimebaki.

Na kanga.
Hapo mama mdogo hunicheka, kanga nayo kifaa cha kazi?
Ndiyo. Inaivisha kompyuta isigongwe na viti vya basi,
inakinga jua lisikifute kioo,
naishindilia dirishani mashine ya kusaga
isije kuhudhuria kikao changu,
na jioni naenda nayo bafuni,
na ndoo yangu moja ya maji ya Newala,
inayopimwa kuliko mshahara.

Natunza hesabu za maduka matatu ya dawa, yote Mwanza.
Wenyewe hawajui Newala iko upande gani.
Wanajua tu kwamba saa nne kamili asubuhi
sura yangu inatokea.

Isipokuwa siku ile.
Laini zote mbili zilikuwa zimenuna,
nikatembea hadi Shimo la Mungu, ukingoni kabisa,
simu nimeinyoosha mbele kama mtu anayeomba chumvi.
Ghafla, mistari minne.
Ikakaribishwa kwa Kireno.
Sikujali lugha. Saa tatu, kioo kikasema,
na jua lenyewe lilikuwa ndani ya ukungu, halina ushahidi.
Nina saa nzima!
Nikatandika kanga, nikabangua korosho,
nikatazama bonde la Ruvuma likijifunua pole pole
kama mtu asiyedaiwa.

Kumbe ni saa nne.
Wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu saa moja
na simu yangu ilishahamia kwao,
bila pasi, bila kuniaga.
Ujumbe ukaingia, wa Bi Nyanjige, mwenye maduka:
*Uko wapi wewe?*
Nikatazama Msumbiji. Nikatazama miguu yangu.
Sikuwa na jibu la haraka.

Kesho yake nikanunua saa ya mkononi sokoni,
kwa kijana anayeuza pia kandambili.
Ya plastiki, kijani, ya mtoto kwa kweli,
ina picha ya samaki anayecheka.
Haipigi, haitumi, haichaji,
haijui kuna nchi ngapi duniani.
Kazi yake ni moja.
Moja tu, hata taa haina.

Haya, Chipoka, shusha begi,
basi la Mtwara limeshapiga honi mara mbili.
Hapana, hii usiipime.
Hii naivaa.