Moja na Nusu

Saa kumi na moja kamili kiyoyozi kinakata pumzi.
Kimewekewa saa zake; hakiombwi, hakibembelezwi.
Kikitimiza, kimetimiza.
Joto la Shimanzi linapanda ngazi kama mdai.
Nafungua dirisha, inaingia harufu ya magunia
na ya majani ya chai kutoka ghala la jirani.

Tarehe ishirini na saba. Kadi mia mbili na tatu mezani,
kadi za wapakuzi, pembe zimeliwa na jasho.
Ngowa: saa kumi na nne za ziada, siku za kazi.
Zidisha moja na nusu.
Shebwana: Jumapili mbili na ile sikukuu ya Idi.
Zidisha mbili.
Nyale aliingia saa kumi na mbili, akatoka saa tano usiku;
ameichorea tano yake duara
nisije nikaisoma tatu.
Usihofu, Nyale. Sili dakika ya mtu.
Nikikupunja shilingi utakuja dirishani, kofia mkononi,
na haya zitanishika wiki nzima.

Kadi yangu haimo.
Niliirudisha mwaka wa tatu huu, siku niliyopandishwa cheo.
Ofisa wa Malipo, barua ilisema,
na shilingi elfu nne juu ya mshahara.
Nyumbani Mtongwe tukachinja kuku wawili.
Mama akashangilia: Mbodze sasa ni mtu wa mwezi,
si mtu wa siku!
Aya ya sita hakuna aliyeisoma.
Mshahara umezingatia saa zote zitakazohitajika na kazi.

Zote.
Neno dogo kama kijiti cha kiberiti.
Nimelipima usiku mwingi, nalo linaenea:
linaenea Magharibi na Isha,
feri ya saa mbili na feri ya saa tatu,
na lile shairi la shuleni
ambalo Umazi, kwa kunikosa,
alilighani mbele ya jokofu.

Juzi nilimwendea Bi. Wakesho wa idara ya wafanyakazi.
Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanipa maji.
"Ziada ni ya vibarua," akasema. "Wewe ni mwenzetu."
Nikatazama saa ya ukutani: moja na robo, giza limeshaingia.
Chini ya meza alikuwa amevua viatu,
miguu imeumuka kama mahamri.
Nilikuwa na maneno. Yakaniishia kooni.

Leo, baada ya Zuhura Mwinyi, wa mwisho kwenye orodha,
kidole kimeteleza hadi mstari wa mia mbili na nne.
Nimeandika jina langu.
Saa thelathini na nane, mwezi huu peke yake.
Zidisha moja na nusu.
Mashine haijui cheo, imenijibu papo hapo:
ada ya muhula, mtungi wa gesi,
na chenji ya viazi karai kwa watoto wa ploti nzima.
Nimeitazama ile hesabu
kama mtu anayetazama picha yake aliyopigwa bila kujua.

Sikuifuta. Nimeuficha mstari tu.
Atakayesoma namba za pembeni kwa makini
ataona zinatoka mia mbili na tatu
zinarukia mia mbili na tano,
kama anayeruka kidimbwi.

Getini Mutuku ananimulika tochi, daftari gotini,
kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia.
Yeye mwenzake atampokea alfajiri, na atapokewa kweli.
"Ofisa, nikuandike umetoka saa ngapi?
Wakubwa wengine huniambia niandike kumi na moja."

"Andika ilivyo," nasema.
"Saa tatu na dakika arobaini."
Anaandika polepole, ulimi nje kidogo.
Nimeshavuka geti, narudi hatua mbili.

"Na hiyo tatu, Mutuku,
itie duara."