Ukurasa wa Tisa

Ufunguo ulikuwa wa mama.
Alisafisha ofisi ya mhasibu wa kodi, ghorofa ya pili,
jijini Łódź, nyuma ya kituo cha tramu,
na mhasibu alikuwa na mashine ya fotokopi
yenye tabia za mgonjwa: ikohoe kwanza, ndipo ifanye kazi.
Februari. Theluji imeganda hadi vizingitini.
Mama anapiga deki. Mimi na Jagoda
tunaiba mwanga.

Niseme kweli: tuliiba na karatasi.
Rimu mbili. Kinga alileta moja ya kununua
ili dhambi ipungue uzito.

Kijarida tulikiita Fundo,
kwa ajili ya uzi, na kwa ajili ya koo.
Kurasa kumi na sita, mkasi, gundi ya shule,
taipureta ya shangazi iliyong'oka herufi k,
basi kila k tukaiandika kwa kalamu.
Na Kipolandi, neno mwanamke huanza na k:
kila mwanamke mle ndani
ameanzwa kwa mkono.

Jagoda aliandika juu ya daktari
aliyemuuliza, kabla ya jina, mume yuko wapi.
Kinga alitoa mapishi ya supu ya mtu mmoja
asiyemngoja yeyote.
Mimi nilichora vibonzo: miguu ya mama.
Miaka ishirini na miwili mbele ya mashine za kufuma,
kiwanda kikafungwa, mishipa haikufungwa,
nikaichora kama ramani ya mito
na kila mto nikaupa jina la msimamizi mmoja.
Mwenye miguu sikumwomba ruhusa.

Saa tano usiku mashine ikameza ukurasa wa tisa.
Jagoda akavuta, ikang'ang'ania.
Mama akaja na ndoo yake,
akavua glavu, akaifungua ubavu
kama mtu aliyezoea matumbo ya chuma,
akatoa karatasi imekunjamana,
akainyoosha pajani.

Akaiona miguu yake.

Nilihesabu vigae vilivyokuwa bado na maji. Kumi na vinne.
Nikatunga radhi tatu, zote za kipuuzi.

"Ni mguu wa kushoto," akasema.
"Wa kulia hauna kitu.
Na huyu Zdzisław
umempa mto mdogo mno."

Akachukua kalamu ya mhasibu, ile ya wino wa kijani,
akaupanua mto mpaka ukapita goti,
ukavunja fremu, ukamwagika
kwenye supu ya Kinga.
Kijani kwenye kopi hutoka cheusi;
mkono wa pili hakuna aliyeujua ila sisi.

Stepla yetu ilikuwa fupi, haikufika mgongoni.
Mama akatoa mkobani uzi wa kiwanda,
ule waliopewa kwa mabunda badala ya mshahara wa mwisho.
Nakala arobaini akazishona yeye.
Hamsini tukazishona sisi,
na mtu akiziona zote pamoja hakosi kuzitenganisha.

Tukaziacha kliniki, vyoo vya chuo kikuu,
chini ya viti vya tramu inayokwenda makaburini.
Bei: stempu mbili, au mchoro wako.

Machi ikaja barua kutoka Białystok,
sarafu imebandikwa kwenye kadibodi, jina hakuna:
"Ukurasa wa tisa mmeushona kichwa chini.
Nimelazimika kukigeuza kijarida chote ili niufuate ule mto.
Nilikuwa kwenye treni. Mama wa kiti cha pili
naye akapindisha shingo, tukafuata wote.
Msirekebishe."

Mama aliisoma amesimama, koti bado mwilini.
"Hiyo itakuwa moja ya zangu," akasema.
"Taa ya pale ni mbovu."
Mama,
ambaye miaka ishirini na miwili
hakuwahi kukosa uzi.

Akaketi, akavua viatu,
cha kushoto kwanza.