Sekunde Kumi na Moja

Nimekodi chumba Majengo, juu ya duka la vipuri,
na kazi yangu ni kusikiliza tena nilichokwisha kukisikia.
Spika ya sikio la kushoto imekufa,
kwa hiyo Uru nzima inaniingia kwa sikio la kulia:
kuku, panga linalonolewa kihamba cha pili,
maharage yakidondoka kwenye sufuria,
na sauti yangu, changa kuliko nilivyodhani,
ikisoma fomu ya ridhaa kama mtoto anayesoma somo kanisani.

"Una haki ya kukataa swali lolote."
"Najua," anasema. "Endelea, mvua inakuja."

Dokta Msofe alitufundisha kwenye ubao uliochubuka:
anayehesabu atakwambia ni mibuni mingapi iliyong'olewa;
ninyi nendeni mkaulize siku ile walikula nini.
Msiulize swali linalojibiwa kwa ndiyo.
Msimmalizie mtu sentensi yake.
Tulicheka pembeni. Nani asiyejua kukaa na mtu akazungumza?

Mimi sikujua.
Wa kwanza nilimzidi kwa maneno; nilipohesabu,
yangu yalikuwa mia tisa, yake mia mbili na kumi.
Wa pili alinijibu alichodhani nakitaka,
maana aliniona kama mtu wa kampuni ya mbolea.
Wa tatu aliniwekea mbege kwenye kata,
kisha akamwita mwanawe aje ajibu.
Wa tisa ndiye huyu.

Swali la saba. Nalisikia likitoka:
"Siku mlipong'oa kahawa, ilikuwaje?"

Halafu hakuna kitu.
Maharage yanaacha kudondoka.
Mashine inahesabu, mbili, tano, saba,
nami najisikia nikivuta pumzi nimwokoe,
au nijiokoe,
kisha, sijui kwa neema gani, nanyamaza.

Kumi na moja.

"Baba mkwe alikuwa amelala," anasema.
"Nilianza na ule wa nyuma ya zizi, asije akasikia shoka.
Asubuhi akatoka, akaangalia, akaomba chai."

Basi. Maharage yakaendelea.

Naandika kwenye mabano: kimya, sekunde kumi na moja.
Pembeni, kwa penseli, natafuta msimbo.
Bei. Hapana.
Uzee wa miti. Hapana.
Urithi: neno kubwa, linapwaya kama koti la kuazima.
Aibu? Na nani kanipa ruhusa ya kuiita aibu?
Nimeandika: chai.
Dokta ataniuliza. Nitamwambia neno ni la mwenyewe.

Dakika ya thelathini na nne yeye ndiye anayehoji.
"Na kwenu Mbokomu, mmeng'oa?"
"Sisi tuliuza kihamba," najibu,
chini chini, jibu lisilo na nafasi kwenye mwongozo.
Nilitaka kulifuta. Nikakumbuka ubao ule:
mtafiti si dirisha, ni mtu aliyesimama dirishani,
na sehemu ya mwanga anauziba yeye.
Nimelinukuu lote, hata kikohozi changu.

Mwishoni namweleza kwamba jina lake litafichwa.
"Lifichwe na nani? Niling'oa kwa jina langu."
Namweleza kamati, maadili, usalama wake.
Anacheka, kicheko kinapasua spika iliyobaki.
"Andikeni mnavyotaka. Mimi nitajua ni mimi."
Kwenye ripoti ni Mshiriki wa Tisa,
mwanamke, miaka hamsini na minne, mkulima.
Mistari mitatu. Kila nikiisoma naona kama nimemvua viatu.

Hapo sauti inakatika. Kilichofuata hakimo kwenye kinasa:
nilipokuwa natoka, matone ya kwanza yakigonga migomba,
niliuona mbuni mmoja umebaki, katikati ya masale ya mpaka,
umepaliliwa, una buni nne nyekundu.
Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaizima mashine,
na nilidhani mahojiano yamekwisha.

Upo kwenye daftari tu, kwa mwandiko uliolowa.
Chini yake nimeandika neno moja,
nikalipigia mstari mara mbili:

rudi.