Daftari la Zamu ya Usiku

Saa nne: amegeuzwa. Saa sita: amegeuzwa.
Saa nane: amegeuzwa.
Mwandiko ni wangu. Zote niliziandika
kwa mkao mmoja, chai haijapoa.

Mgongo wa Bi Mwanaharusi haujui kusoma,
ukashika hesabu yake wenyewe:
kidonda, upana wa kisahani cha kahawa,
juu kidogo ya nyonga.

Mkaguzi alikuja, akalisifu daftari.
Akasifu na mapazia.

Sidi, mgeni wa wiki mbili, hakusifu kitu.
Alivuta kiti, akauliza:
"Bi, wewe hulalia ubavu gani?"
Mwaka wa tatu huu niko hapa Tudor,
sijauliza.

"Wa dirishani. Nisikie adhana,
na yule jirani anayegombana na jenereta yake."

Jana tulimgeuza wawili,
taratibu, kama wahamishao birika lililojaa.
Alituapiza. Tukamwekea mto katikati ya magoti,
akanyamaza, akatuapiza tena.

Saa nane nikaandika:
Amegeuzwa. Ana hasira. Kidonda kikavu pembeni.
Anataka mahamri, si mkate.

Saa kumi bado tupu.
Ngoja niende kwanza.