Na. 4172

Dodoso langu lilikuwa na visanduku vitatu:
kimerudi, kimechakaa, kimepotea.
Msimamizi wangu alivipitisha kwa wino mwekundu,
akaandika pembeni: "Vinatosha."

Maktaba ya mkoa, Tabora, mwezi wa tisa.
Joto limeegemea dirishani kama msomaji asiye na kadi.
Navuta droo ya madeni. Kadi za rangi ya chai ya maziwa
zimebanana, zinanuka mende na gundi ya zamani.
Natafuta vitabu vilivyoondoka bila kuaga.

Na. 4172. Ufugaji wa nyuki.
Mia sita thelathini na nane, nukta moja.
Aliyeazima: Kashindye Mhoja, Ipole.
Kurudisha: 14 Machi 1983.
Faini: senti kumi kwa siku.
Nikapiga hesabu. Miaka arobaini ya deni
ikatoa shilingi elfu moja mia nne sabini na ushee,
soda mbili baridi pale stesheni.

Nikapanda basi la Sikonge, kisha pikipiki,
dodoso ndani ya bahasha, muhuri wa tarehe mkobani
(kwa nini niliubeba, sijui;
mkono wa mkutubi hauna likizo).
Miombo ilikwisha kuchipua mekundu kabla ya mvua,
na mizinga ya magome inaning'inia juu
kama mizigo ya abiria waliosahau kushuka.

Kashindye alikwisha fariki.
Niliambiwa na bintiye, Nyanzala,
kwenye mashine ya kusaga, akishindana na mkanda kwa sauti,
nyusi zake nyeupe kwa unga.
"Kitabu? Kipo."
Hakuomba radhi. Alizima mashine.

Kilikuwa ndani ya debe, kimeviringishwa khanga.
Jalada si letu: turubai, limeshonwa kwa sindano ya magunia.
Mgongo umezibwa kwa nta.
Nikakifungua nikitafuta uharibifu wa kuandika kwenye ripoti.

Ukurasa wa kumi na tisa, kwa penseli:
"Si kweli. Mtundu wa huku hauchanui Juni."
Ukurasa wa arobaini:
"Moshi huu mwingi. Utaua majana."
Chini yake, kwa bluu, mwandiko wa mtoto:
"Baba nimejaribu kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ni kweli."
Chini zaidi, kalamu ya juzi juzi:
namba ya simu ya mnunuzi wa nta,
bei ya 2019, imekatwa, bei nyingine, nayo imekatwa.
Nilitafuta pambizo tupu. Sikuiona.

Chuoni walinifundisha: msomaji asiandike kitabuni.
Wakanifundisha pia kwamba taarifa hutoka kwa mtoaji
ikaenda kwa mtumiaji. Mshale mmoja ubaoni, wa chaki.
Hapa mshale ulifika, ukala, ukalala,
ukarudi na watoto.

Nikatoa dodoso.
Nyanzala akalisoma lote, hata maandishi madogo ya chini
ambayo mimi mwenyewe niliyanakili bila kuyasoma.
"Kisanduku cha *kinatumika* kiko wapi?"

Wateja wa unga walikuwa wamesimama mlangoni na ndoo zao.
Nikasema hakipo.
"Basi nataka kuongeza muda. Hilo linaruhusiwa?"

Linaruhusiwa.
Nikazungusha tarakimu za muhuri, nikaupulizia pedi iliyokauka,
nikagonga chini kabisa ya 14 Machi 1983,
kwenye kikaratasi chenye harufu ya moshi na nta,
siku kumi na nne mbele, kama kanuni inavyotaka.

Akalipa faini. Noti moja, ya elfu mbili.
Chenji sikuwa nayo.
Akawasha mashine.

Siku kumi na nne zimepita, zikapita tena.
Ripoti iko mezani, ina kisanduku cha nne kwa mkono,
na msimamizi hajajibu.
Katika droo ya madeni kuna kadi mpya, nyeupe bado,
kwa mwandiko wangu:
Anayedai: Nyanzala Kashindye, Ipole.
Anayedaiwa: Maktaba.