Ramani ya Ukutani

Mwalimu mkuu kanipa makopo matano na brashi mbili,
akasema, "Fundi, nataka kaunti arubaini na saba,
kila moja na rangi yake, zisigusane."
Nikacheka. Rangi gani hiyo isiyogusana?

Ukuta ni ule ule, Darasa la Nne, upande wa reli,
hapa Nakuru, chini ya Bondeni.
Nilikuwa na miaka kumi. Tulikunywa maziwa ya bure
katika pakiti za pembetatu, tukazipasua kwa visigino.
Bi. Nyaboke akatupanga mstari mmoja:
"Nyosha kidole. Gusa kwenu."

Awino akagusa ziwa, akapangusa mkono kwenye sketi.
Wekulo akagusa Bungoma, akanusa kidole, eti kinanuka miwa.
Ekiru kwao kulikuwa juu, hakufikia;
Kiplimo akamshika kiuno, akamwinua,
naye akaipiga Lodwar kofi, lipu ikatudondokea.

"Sasa gusa ulipo."
Vidole vyote vikaja mahali pamoja,
vikasukumana.
Kila Jumatatu, baada ya bendera na kiapo
tulichokariri bila kutafuna,
na darasa lililotufuata, na lililolifuata hilo,
mpaka Nakuru ikachimbika,
rangi ikaisha, lipu ikaisha,
kikabaki kishimo cha ncha ya kidole
na ndani yake jiwe.

Sisemi shule ilituponya.
Bi. Nyaboke huyo huyo alituchapa
kwa kuongea lugha za mama zetu.
Na Januari ile, majirani walipoulizana majina mlangoni,
Kiplimo na Gathoni, waliokalia dawati moja miaka minne,
sijui nani alibaki upande gani wa barabara.
Uwanja huu ulijaa mahema.
Mwanamke mmoja aliweka mafiga hapa, chini ya Kwale,
akawapikia watoto, wake na wasio wake,
masizi yakapanda, yakapita Tana, yakafika Wajir.
Nimeyasugua tangu asubuhi kwa brashi ya waya.
Hayatoki yote.
Nitapaka juu yake, basi.

"Na hicho kishimo ukizibe," kasema mwalimu mkuu.
Nikachanganya saruji, kiganja kimoja tu,
nikasimama nayo.
Kengele ya mapumziko ikalia, wakamiminika:
sweta za buluu, soksi za kila namna.
Msichana mwenye pengo akaniuliza,
"Fundi, hili shimo ni la nini?"
Nikamwambia, ndipo tulipo.
Akatia kidole. Kikaenea.
Nyuma yake mwingine alikuwa tayari amenyosha chake.

Ile saruji nimeitia kwenye ufa wa dirisha.
Kaunti zote nimepaka, na zimegusana,
kijani cha Nandi kimechuruzika hadi Kisumu.
Chini nimeandika, kwa herufi kubwa,
RANGI MBICHI.
"Usiguse" sikuandika.